Jinsi ya kuchagua hadidiski ya nje isiyopiga kelele na isiyokausha mfuko

Hadidiski yangu ya kwanza ya kuhifadhia nakala ilikuwa kubwa, ya kukaa mezani. Niliiweka juu ya kabati la mbao chumbani kwa sababu hapo ndipo palikuwa na soketi. Mchana hukuisikia. Usiku, nyumba ikishatulia, ilivuma kama friji kuukuu, na kila ilipoanza kuandika ilikwaruza kama panya kwenye dari. Mtoto akaamka mara mbili, mke wangu akaichomoa. Nikasema kesho nitaihamishia sebuleni. Kesho ikawa wiki sita, kisha laptopu ikakataa kuwaka, na ndani ya wiki hizo sita ndimo zilimokuwa picha za mwisho tulizopiga na bibi kabla hajafariki. Sikuzipata tena.

Tangu siku hiyo kelele naihesabu pamoja na bei na ukubwa ninapochagua diski. Wengi wetu kompyuta inakaa chumba kilekile tunacholala au watoto wanakosomea. Diski inayosumbua itachomolewa, na ikichomolewa hakuna nakala. Huu hapa ni utaratibu ninaoufuata sasa, na ndio ninaowapa ndugu zangu wakiniuliza.

Hatua ya kwanza: pima mzigo wako kabla ya kwenda dukani

Kwenye Windows, bonyeza alama ya diski C kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha ufungue Properties. Utaona nafasi iliyotumika. Kwenye simu, fungua mipangilio ya hifadhi. Jumlisha vyote, pamoja na simu ya mwenzako na flashi zilizojaa droo, kisha zidisha kwa mbili, kwa sababu picha na video za mwaka ujao zinakuja.

Tuseme laptopu ina gigabaiti 380 na simu mbili zina 90. Jumla ni 470, mara mbili ni 940. Utadhani terabaiti 1 inatosha. Lakini ukiichomeka kwenye Windows itaonyesha gigabaiti 931 tu. Muuzaji hajakuibia: kiwanda huhesabu terabaiti 1 kuwa baiti 1,000,000,000,000, na Windows hugawa kwa 1,024 pale kiwanda kinapogawa kwa 1,000. Kwa familia hii, nunua terabaiti 2.

Bei nayo isome kwa terabaiti, usiisome kwa boksi. Tuseme diski ya terabaiti 1 inauzwa shilingi 180,000 na ya terabaiti 2 inauzwa 260,000. Ya kwanza inakugharimu 180,000 kwa kila terabaiti, ya pili 130,000. Kasha, mota na bodi ya umeme vina gharama karibu ileile hata diski iwe ndogo kiasi gani, ndiyo maana zile za chini kabisa huwa ghali kwa kile unachopata. Tembea na namba hiyo moja kichwani, hutababaishwa na punguzo.

Hatua ya pili: chagua umbo, maana kelele iko hapo

Ndani ya hadidiski mna sahani zinazozungushwa na mota, na mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea unaokimbia huku na huko juu ya sahani hizo. Kelele zinatoka sehemu tatu. Kwanza ni mvumo wa mota, ambao hauachi. Pili ni mkwaruzo wa mkono unapotafuta faili. Tatu, ambayo watu huisahau, ni meza au kabati lako: mtetemo mdogo ukiingia kwenye ubao ulio wazi ndani, ubao unakuwa ngoma.

Hadidiski za nje ziko za aina mbili kwa umbo. Zipo zenye diski ya inchi 3.5, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za mezani. Hizo ni nzito, zina adapta yake ya umeme, na nyingine huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Zipo pia zenye diski ya inchi 2.5, iliyotengenezwa kwa ajili ya laptopu. Inaingia kwenye mfuko wa shati, kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na inapata umeme kupitia waya uleule wa USB. Sahani ndogo inayozunguka polepole hutetema kidogo. Kwenye karatasi za kiufundi kelele huandikwa kwa desibeli au kwa bel (bel 1 ni desibeli 10), na diski ndogo nyingi ziko kwenye desibeli ishirini na kitu zikiwa zimetulia. Chumbani, feni inaimeza sauti hiyo.

Kwa nyumbani, nunua ya inchi 2.5, na sisemi hivyo kwa sababu ya ukimya peke yake. Fikiria umeme ukikatika katikati ya kunakili. Ile kubwa yenye adapta inazimika hapohapo huku inaandika, na faili lililokuwa linaandikwa linaweza kuharibika, wakati mwingine pamoja na orodha nzima ya mafaili. Ile ndogo inakula umeme wa laptopu, na laptopu ina betri. Kazi inaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Kwa sisi ambao umeme huja na kuondoka, hiyo peke yake inanitosha.

Diski hizi ndogo hufika hadi terabaiti 5, na tangu 2024 zimeanza kuuzwa za terabaiti 6. Asiyetosheka na hapo, labda mpiga video za harusi, ndiye wa kufikiria ile kubwa, na aiweke chumba kingine pamoja na UPS, yaani betri ya akiba ya umeme.

Kuna jambo moja la kukubali mapema. Diski nyingi ndogo za terabaiti 1 na kuendelea hupanga data kwa njia ambayo mistari inalaliana kama vigae vya paa. Njia hiyo inapunguza bei, ila ukifuta na kuandika upya mafaili mengi kwa mpigo, mwendo unashuka sana. Kwa nakala za wiki hadi wiki haina madhara. Kwa mtu anayetaka kuhariri video moja kwa moja kutoka kwenye diski hiyo, itamchosha.

Na SSD, diski ya chipu, je? Haina kinachozunguka, kwa hiyo haina sauti kabisa, na ikidondoka kutoka mezani ina nafasi kubwa zaidi ya kupona. Kama mzigo wako wote, ukishauzidisha kwa mbili, haufiki gigabaiti 400 na una watoto wadogo wanaovuta waya, SSD ya gigabaiti 500 ni chaguo la busara. Lakini kwa terabaiti moja bado ni ghali kuliko hadidiski. Pia haikutengenezwa kwa ajili ya kusahauliwa kabatini: kumbukumbu yake inashikilia chaji za umeme, na chaji huvuja taratibu. Kiwango cha JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya kumbukumbu za kielektroniki, kinataka SSD ya matumizi ya kawaida iliyokwisha kutumika hadi kikomo chake itunze data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi 30 za Selsiasi. SSD mpya hushikilia muda mrefu zaidi, lakini kwa kitu nitakachokifungia sandukuni, naiamini zaidi sumaku ya hadidiski.

Hatua ya tatu: dukani, fungua macho na masikio

Viwanda vinavyotengeneza hadidiski duniani vimebaki vitatu: Seagate, Toshiba na Western Digital. Ukiona jina jingine juu ya kasha, ndani yake mna diski ya mmoja wa hao watatu, na hilo si baya. Baya ni kasha jipya lenye diski iliyotolewa kwenye laptopu ya zamani, au kitu ambacho si diski kabisa.

Ukipita Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, au Luthuli jijini Nairobi, hutakosa kuambiwa: "Kaka, chukua hii, terabaiti 16, elfu arobaini tu." Kitu chenyewe kina ukubwa wa kiberiti. Usinunue hata akishusha bei. Ndani mna kadi ndogo ya kumbukumbu, pengine ya gigabaiti 64, iliyofundishwa kuidanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake. Utanakili mafaili, majina yote yataonekana, na utarudi nyumbani na amani. Kadi ikishajaa, data mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani au inatupwa. Siku utakayoihitaji picha, jina lipo na picha haipo. Wizi wa namna hii ni mkubwa kuliko fedha uliyotoa, kwa sababu unagundulika siku umekwisha kupoteza ile nakala nyingine.

Kwa diski halisi, omba yenye boksi ambalo halijafunguliwa, lifunguliwe mbele yako. Linganisha namba ya utambulisho ya kiwandani (serial number) iliyoko kwenye boksi na iliyoko mgongoni mwa diski, ziwe ileile. Iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji, sehemu ya dhamana, kwa simu yako hapohapo kaunta. Halafu mwombe muuzaji kwa upole: "Dada, naomba tuichomeke kidogo niisikilize." Muuzaji anayejiamini hatakataa. Ukienda na laptopu yako yenye programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure, itakuonyesha saa ambazo diski imeshawaka. Mpya ionyeshe sifuri au chache sana. Ukiona saa 9,000, hiyo imefanya kazi zaidi ya mwaka mzima mchana na usiku mahali pengine.

Kusikiliza kwenyewe: iache diski juu ya kaunta, usiinyanyue ikiwa inazunguka, inamisha sikio lako hadi ilipo. Kelele za mtaa zikizidi, weka ncha za vidole juu ya kasha. Unatafuta mtetemo laini usiobadilika. Mtetemo unaopanda na kushuka kama pumzi, au mlio mwembamba kama wa mbu, nyumbani usiku utaongezeka mara kumi masikioni mwako. Omba nyingine ya boksi jingine. Diski mbili za aina moja kabisa huweza kutofautiana kwa sauti.

Chukua risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) iliyoandikwa aina na namba ya diski, na kubalianeni siku za kurudisha. Mimi huomba siku saba. Risiti za karatasi hufifia, kwa hiyo ipige picha.

Hatua ya nne: usiku wa kwanza, ijaribu kabla ya kuiamini

Usihamishie chochote bado. Pakua H2testw kama unatumia Windows, au F3 kama unatumia Mac au Linux. Programu hizi hujaza diski yote kwa data, kisha huisoma tena kuhakikisha kila kilichoandikwa kipo. Ndiyo njia ya uhakika ya kugundua diski ya uongo, na hakuna gharama.

Chukua muda. Kwa mwendo wa megabaiti 100 kwa sekunde, kuandika terabaiti 2 ni kama saa tano na nusu, na kuisoma ni muda kama huo. Kwa kuwa mwendo hupungua diski inavyojaa, panga usiku mzima na asubuhi yake. Ichomeke kwenye tundu la USB 3, ambalo kwa laptopu nyingi lina ulimi wa buluu. Kwenye tundu la USB 2 mwendo hauzidi sana megabaiti 35, na kazi hiyohiyo ya kuandika itachukua saa kumi na sita.

Na huo usiku ndio mtihani wa kelele. Iweke pale itakapokaa siku zote, zima taa, lala. Diski itakuwa inafanya kazi ngumu kuliko itakavyowahi kufanya tena. Ukilala nayo usiku huo, utalala nayo siku zote. Usipolala, bado una siku sita za kuirudisha.

Asubuhi fungua tena CrystalDiskInfo uangalie mistari mitatu: 05, C5 na C6. Hiyo inahesabu sehemu za sahani zilizoharibika, zinazosubiri kuthibitishwa, au zilizoshindwa kusomeka. Kwenye diski mpya safu ya Raw Values ya mistari hiyo iwe sifuri tupu. Ikiwa hapo kuna namba yoyote zaidi ya sifuri, rudisha. Usikubali kuambiwa ni kawaida.

Kisha ifomati, yaani ichagulie mfumo wa kupanga mafaili. Kama nyumba nzima inatumia Windows, chagua NTFS, kwa sababu inaandika kumbukumbu ya kila badiliko na hupona vizuri zaidi umeme au waya ukikatika. Kama kuna Mac pia ndani ya nyumba, exFAT inasomwa na pande zote, ila haina kinga hiyo, basi uwe mwangalifu zaidi wakati wa kuchomoa. FAT32 achana nayo. Haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, na video moja ya kipaimara au harusi inavuka hapo.

Hatua ya tano: itulize

Hapa huhitaji kununua kitu. Chukua soli ya kandambili iliyochakaa, kata vipande vinne vidogo vya mpira, weka chini ya pembe nne za diski. Mpira unakata njia ya mtetemo kuingia mezani, na tofauti utaisikia papo hapo. Pedi ya kipanya pia inafaa. Ilaze, usiisimamishe, maana ikisimama itaangushwa. Iondoe juu ya kabati lililo tupu ndani au meza ya kioo.

Usiifunike kwa kanga wala kuifungia kwenye droo ikiwa inafanya kazi. Viwanda vingi huandika kuwa diski hizi zifanye kazi kwenye nyuzi 5 hadi 35, na Dar es Salaam mwezi wa Februari mchana chumba kisicho na hewa kinakaribia hapo hata kabla diski haijaanza kupata moto. Nakala ninazifanya baada ya saa nne usiku.

Jifunze pia sauti ya hatari. Mkwaruzo mdogo wa hapa na pale ni kawaida. "Tak… tak… tak" inayojirudia kwa mpangilio, huku kompyuta haioni diski, si kawaida. Kabla ya kukata tamaa badilisha waya, na uchomeke moja kwa moja kwenye laptopu bila kigawanyio: tundu la USB 2 linatoa miliampia 500 na la USB 3 linatoa 900, na diski iliyokosa umeme wa kutosha hulia hivyohivyo. Ikiendelea kulia, ichomoe na usiiwashe tena, kwa sababu kila mzunguko kichwa kinaweza kuwa kinakwangua sahani. Usiifungue, na usiiweke kwenye friza hata kama jirani ameshauri. Unyevu utakaoganda ndani utamaliza kilichobaki.

Hatua ya sita: ratiba, na nakala ya pili

Windows ina File History, Mac ina Time Machine (hii haikubali exFAT, inataka diski iliyofomatiwa kwa mfumo wa Apple). Zote zinakuja na kompyuta. Zichague folda zako mara moja, halafu kazi yako ibaki kuchomeka waya. Mimi nachomeka kila Ijumaa usiku na kuchomoa Jumamosi asubuhi, baada ya kuiambia kompyuta iiachie diski. Sizungumzii kuiacha imechomekwa wiki nzima: virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia, kama WannaCry ya Mei 2017, hufunga kila diski vinayoikuta imeunganishwa. Diski iliyoko kabatini haifikiwi.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Kwa bajeti ya kawaida, ningenunua diski mbili za terabaiti 2 kuliko moja ya terabaiti 4. Moja inakaa kwangu, nyingine kwa dada yangu Kibaha, na tunabadilishana tukitembeleana. Wizi, moto au mafuriko havitazipata zote siku moja. Hifadhi ya mtandaoni nayo inasaidia kwa vitu vichache vya thamani. Google inatoa gigabaiti 15 za bure, zinatosha vyeti, hati na picha teule. Kupandisha terabaiti nzima kwa bando ni mzigo usiobebeka.

Diski inayotoka nje ya nyumba ifungwe kwa nywila. VeraCrypt ni ya bure. Nywila iandike kwenye karatasi na uiweke pamoja na hati ya kiwanja, ili siku usipokuwepo familia iweze kufungua.

Kwa wanaoishi karibu na bahari, hewa ya chumvi na unyevu hula viunganishi. Weka diski kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya boksi la viatu. Badilisha vifuko kila msimu wa masika.

Kila baada ya miezi mitatu, ichukue diski, ichomeke kwenye kompyuta tofauti na ile yako, ufungue mafaili kumi kutoka folda tofauti: picha zionekane, video zicheze hadi mwisho, hati zisomeke. Bandika utepe mgongoni mwake, uandike tarehe uliyoinunua na tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Ukifika mwaka wa tano, au namba 05, C5 au C6 ikianza kupanda kabla ya hapo, nunua nyingine na uhamishe kila kitu wakati ile ya zamani bado inasomeka.